Upande Mmoja Ulioachwa Wazi

Katika kazi yake ya upelelezi Inspekta Kuruthum Dahir alikuwa ameonyeshwa maiti za kila namna, ila tunda hakuwahi. Sasa lilikuwa mbele yake, limelazwa juu ya mkeka katikati ya sebule ya boma moja la Rangwe, refu kama paja la mtu mzima, la kijivu, limefunikwa shuka jeupe mpaka pale ambapo shingo ingekuwa. Watu wote walikuwa wamevua viatu mlangoni. Akavua vyake, akaingia, akasimama.

"Ndiye huyo," akasema Mzee Onyango.

"Ndiye nani, mzee?"

"Cliff. Mtoto wa kaka yangu."

Kuruthum alimtazama kuona kama anatania. Mzee hakuwa na sura ya utani. Alieleza polepole, kama mtu aliyezoea kuelezea wageni: hilo ni tunda la mti unaoitwa yago. Mtu wa ukoo wao akizama ziwani na mwili ukakosekana, hawaachi kaburi bila kitu. Wanachuma yago, wanalilaza nyumbani, wanalilia, wanalizika. Mambo yanaisha, watu wanapumua.

"Mazishi ni Jumamosi," alisema. "Tumetangaza kwa redio. Wewe umekuja kutuzuia?"

"Nimekuja kuuliza tu."

"Uliza. Ukimaliza utakunywa chai."

Koplo Gisiri, aliyekuwa amesimama mlangoni na soksi yenye tundu, alikohoa. Alikuwa mtu wa Isebania, dereva na msaidizi wake, fundi wa kazi lakini mdomo wake haukujua matanga wala harusi. Kuruthum alimkazia jicho kabla hajasema neno.

Kesi yenyewe haikuanzia ziwani. Ilianzia chini ya ardhi, kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Nyatike, kule Migori, ambako makundi mawili yalikuwa yanachimba kuelekeana, kila moja likitaka kuufikia mshipa kwanza. Kundi moja liliongozwa na Elvis, jingine na kijana wa Kisii aitwaye Mokua. Asubuhi moja watu wa Elvis walichoma matairi na pilipili kavu kwenye mdomo wa shimo la wenzao. Nia, walivyosema baadaye, ilikuwa kuwatoa kwa moshi bila ngumi wala panga. Shimo lilikuwa na mdomo wa pili upande wa mto, na mtu aliyemo ndani angetokea huko akitukana. Aliyekuwamo ni Mokua peke yake, maana kila asubuhi alitangulia kukagua miti inayoshikilia dari. Alikimbilia mdomo wa pili, akaukuta umezibwa kwa magunia ya udongo. Hapo ndipo alipokutwa, mikono yake bado imeshika gunia.

Magunia hayo hayakumtoka Kuruthum akilini. Udongo wa machimbo yale ni mwekundu wote, na uliokuwa ndani ya magunia ulikuwa mweusi wa kunata. Mtu alikuja nao kutoka mahali pengine, kwa hiyo mtu alijiandaa. Lakini nani, na kutoka wapi?

Elvis alikuwa na jibu tayari. "Mpango wote ni wa mwalimu," alisema alipokamatwa. "Mimi nilikaa tu kwa semina nikasikiliza."

Mwalimu mwenyewe ni Cliff. Alifundisha biashara katika chuo kimoja karibu na Rongo, na kila Jumamosi alikodi ukumbi wa hoteli akaendesha semina kuhusu maandishi ya kale ya Wachina juu ya vita, na jinsi yanavyomfaa mtu wa leo. Walikuja wenye maduka, wagombea wa wadi, makocha wa mpira, na wachimba dhahabu. Siku hizi kila mwenye kibanda anataka kuwa jemadari. Baada ya kifo cha Mokua, Cliff hakuonekana tena, mpaka nguo na viatu vyake vilipokutwa vimekunjwa vizuri ufukweni Homa Bay. Na bila shahidi wa kusema nani aliziba mdomo wa pili, Elvis angetoka rumande Jumatatu, akiwa huru kama mimi na wewe.

"Mama yake yuko wapi?" Kuruthum akauliza.

"Nyuma, jikoni. Halii," Mzee Onyango alisema kwa aibu, kana kwamba shemeji yake alikuwa amekataa kusalimia wageni.

Mama Susana alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono mitupu mapajani. Mbele yake jiko lilikuwa limezimika. Aliwaangalia wageni wake wawili, akamsogezea Kuruthum kigoda cha pili.

"Kaa, nyathina," akasema, na ukaribu wa neno hilo, yaani mwanangu, ungesikika katika lugha yoyote.

"Pole sana, mama."

"Pole nimepewa nyingi. Sina tena pa kuziweka."

"Unaamini alizama?"

"Wanaume wameamini. Redio pia imeamini."

"Na wewe?"

Mama Susana alivuta leso mabegani. "Cliff aliogopa maji tangu akiwa mdogo. Wenzake wakiogelea, yeye anaingia mpaka magoti, anarudi. Sasa wewe ni mpelelezi. Mtu anayeogopa maji akichoka na maisha, ataenda kwa maji kweli?"

Kuruthum alikuwa amejiuliza jambo lingine linalofanana na hilo: mtu anayejiua hukunja nguo zake vizuri kwa ajili ya nani?

"Na wewe uko na mtu wenu alipotea," Mama Susana akasema ghafla.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Niliona kwa dirisha vile uliangalia lile tunda."

Gisiri aligeuka akajifanya anaangalia kuku. Kuruthum hakuwa na mazoea ya kujieleza kazini. Watu wa Migori walifanya kazi naye muda mrefu bila kujua kama ana ndugu. Lakini mwanamke yule alingoja, na haikuwa rahisi kumdanganya.

"Kaka yangu, Abdirahim," alisema. "Alikwenda Ulaya kupitia Libya. Simu ilinyamaza akiwa huko. Mama yangu yuko Isiolo, na kila jioni anamwekea chai kwenye chupa."

"Hamjamswalia?"

"Mama amekataa."

"Ana akili mama yako," Mama Susana akasema. "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hao wengine wanataka tu mambo yaishe."

Alipoinuka kuondoka, Kuruthum alizunguka nyuma ya nyumba kama alivyofanya katika kila boma. Ua ulikuwa wa ojuok, ile minyaa ya kijani yenye utomvu unaopofusha macho, imepandwa kwa kubanana hata mbwa asipite. Lakini mahali pamoja, nyuma kabisa, palikuwa na pengo la upana wa mtu. Matawi yalikuwa yamekatwa, na utomvu mweupe ulikuwa bado unachuruzika.

Gisiri alifurahi kama mtu aliyeokota kitu. "Madam, mambo ndiyo haya. Jamaa yuko hai. Anaingilia hapa, anakula kwa mama, anapotea. Tuvizie hapa tumalize kesi."

"Chuchumaa uangalie vizuri."

Gisiri akachuchumaa.

"Matawi yameanguka upande gani?"

"Nje."

"Basi aliyekata alikuwa ndani. Na hizo nyayo?"

"Za mtu asiye na viatu. Ndogo." Akapima moja kwa kiganja. "Za mwanamke. Zinakuja mpaka kwa pengo, halafu zinarudi."

"Kutoka nje kuna nyayo zozote zinazoingia?"

"Hakuna hata moja."

"Kwa hiyo hakuna aliyekuja," Kuruthum akasema. "Ila yuko anayengojwa."

Alirudi jikoni. Mama Susana hakungoja kuulizwa mara mbili. Alisema alikata yeye kwa panga, alfajiri, wanaume wakiwa wamelala. Mtu aliyekwisha kuliliwa haingii kwa lango la boma lao. Akipita langoni analeta kifo ndani, kifuate na watoto. Anapaswa kuingilia nyuma, kwenye pengo jipya, na mama yake awe hapo ampokee kwa mikono yake.

"Lakini wakishazika lile tunda, basi," alisema. "Limeshika mahali pake. Hata akija na miguu yake mwenyewe, hapa si kwake tena. Atakuwa kivuli kinachotembea. Nyathina, mimi sijui sheria zenu. Najua tu Jumamosi inakuja."

Walipokuwa wakielekea kwenye gari, Kuruthum aliona kitu kingine. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na mashamba ya majirani yalikuwa yameshachipua mistari mizuri ya kijani. Katika boma la akina Cliff, mashamba mawili yalikuwa matupu, magugu yamefika kifundoni.

"Haya ni ya nani?" alimwuliza Mzee Onyango.

"Hilo kubwa ni la shemeji yangu. Hiyo ndogo ni ya Mourine, bibi ya Cliff. Susana hajapanda kwa sababu ya huzuni, na Mourine hawezi kupanda kabla mama mkwe hajaanza. Akitangulia, ni chira, laana ya kuvunja mila, inaweza kuua mtu. Mimi nilimwambia apande kidogo tu, mvua isipotee. Akakataa kabisa. Anaogopa."

"Mourine mwenyewe yuko wapi?"

Hapo mzee alichafuka uso. "Usiniulize. Ako Asumbi, kwa dada yake Caren. Mjane ambaye mume wake hata hajazikwa, anaingia nyumba za watu, analala huko, anabeba mtoto wa watu. Watoto wa siku hizi hawana adabu. Wanasoma mpaka wanasahau kila kitu."

Kuruthum alimshukuru, akapanda gari. Hawakuwa wamefika barabara ya lami alipomwambia Gisiri akate kona kuelekea Asumbi.

"Kwa nini Asumbi, madam? Mjane hana adabu, mzee amesema."

"Mzee ameona sawa, ila amekosea kuhesabu," Kuruthum akasema. "Mwanamke huyu anaacha mvua ipotee, shamba lijae magugu, kwa sababu anaogopa kumtangulia mama mkwe. Mtu wa namna hiyo anaweza kweli kubeba mtoto wa dada yake akiwa na kifo mabegani?"

Gisiri akapiga usukani kwa kiganja. "Hana kifo mabegani."

"Hana. Na anajua kwamba hana."

Nyumba ya Caren ilikuwa nyuma ya misheni, na sauti za wasichana wa shule wakifanya mazoezi ya kwaya zilifika mpaka uani. Mourine alikuwa ameketi barazani, mtoto wa dada yake amelala begani kwake. Alipoona gari la polisi alimkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi. Kuruthum aliketi bila kukaribishwa.

"Mtoto mzuri."

"Asante, afande."

"Huogopi kumbeba?"

"Niogope nini? Mimi si mtu wa mila."

"Na shamba lako kule Rangwe, mbona hujapanda?"

Mourine alimwita Caren kutoka ndani, akampa mtoto amwondoe barazani.

"Sitaki kukudanganya," Kuruthum akasema. "Jumatatu Elvis anatoka. Mke wa Mokua ana mimba na kila akija kituoni ananiuliza swali moja tu, nani aliziba ule mdomo, na mimi sina la kumwambia. Mumeo ana jibu. Nisipompata mimi, Elvis atampata."

"Na wewe ukimpata utamfunga. Elvis alimpigia simu kabla ya kukamatwa, akamwambia, mpango ni wako, sauti ni yako kwa semina, watu wengi walikusikia. Ni wewe utanyongwa." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Vijana wake wako kila stendi. Rongo, Migori, Homa Bay. Na polisi mmeweka vizuizi barabara zote. Aende wapi?"

"Anataka kwenda wapi?"

Mourine alianza kulia, machozi halisi ambayo kwenye matanga hakuna aliyeyaona. "Nyumbani. Kila akipiga simu hasemi kitu kingine. Anauliza mama amekula nini. Anauliza kama mvua imenyesha. Nilimwambia wanazika yago Jumamosi, akakata simu. Afande, mimi namtamani mume wangu mpaka usingizi umenikataa, na siwezi hata kumlilia mbele za watu, kwa sababu nikimlilia akiwa hai nitamuua."

Gisiri aliyekuwa ameegemea nguzo akajikaza kimya mpaka akashindwa. "Madam, kwa ile semina..." Kuruthum alijua kwamba Gisiri alihudhuria semina ya Cliff mwaka uliopita, na kwamba cheti amekitundika sebuleni juu ya televisheni. Tangu hapo hata gurudumu likipasuka ana la kusema kuhusu majemadari wa China. Kwa kawaida alimkatiza. Safari hii akamwachia.

"Walifundisha kwamba ukimzunguka adui pande zote, hana la kufanya ila kupigana afe. Usimzibe. Mwachie upande mmoja. Mwalimu alirudia hilo mpaka tukachoka. Hata alimsimamisha Elvis mbele ya watu, akamwambia, wewe mchimba dhahabu, rudia."

"Elvis alirudia?"

"Alirudia vizuri kuliko sisi wote."

Kuruthum alikaa akiwaza juu ya magunia. Mwalimu anayefundisha mpaka watu wachoke kwamba lazima upande mmoja uachwe wazi, halafu katika mpango wake mwenyewe aagize pande zote mbili zizibwe? Haikuingia akilini. Aliyeziba alikuwa ameusikia mpango na kuukata sehemu yake ya huruma. Cliff hakuwa mwuaji, bali mtu aliyetoa moshi bila kufikiri mkono wa nani utaushika. Na sasa yeye Kuruthum mwenyewe alikuwa amefanya lile lile kosa la Elvis: amemzunguka mtu pande zote, kisha akashangaa kwa nini hatoki.

"Sikiliza, Mourine," akasema. "Jumamosi nitaondoa kizuizi cha barabara ya Homa Bay. Nitakuwa na gari na askari pale langoni, na tutafanya kelele mpaka majirani watuchukie. Nyuma ya boma mama yako mkwe amekata pengo kwenye ojuok. Huko sitaweka bunduki hata moja."

"Amekata pengo?" Mourine akafunika uso kwa mikono miwili. "Mama amekata pengo?"

Jumamosi mawingu yalitanda tangu asubuhi bila kunyesha. Watu walijaa bomani. Gisiri aliifanya kazi yake kwa moyo wote: aliegesha gari likakaba nusu ya lango, akapiga honi, akagombana na wapishi, akawasimamisha waombolezaji kuwauliza vitambulisho. Vijana wawili wa Elvis walifika kwa pikipiki wakiwa wamevaa makoti meusi ya kukopa. Gisiri aliwapokea kama ndugu zake, akaanza kuwahoji, na hakuonyesha dalili ya kumaliza. Kila jicho lililokuwa na hila lilikuwa langoni.

Kuruthum alikuwa nyuma, peke yake, ameketi kwenye kigoda kando ya pengo. Aliwasikia wanaume wakiimba walipolitoa tunda nyumbani. Utomvu kwenye vikonyo vya ojuok ulikuwa umeganda.

Miwa ya jirani ikatikisika. Aliyetoka alikuwa amevaa koti la mvua la mtu mnene kuliko yeye, ndevu zimemjaa, miguu imeloa tope. Alisimama hatua chache nje ya ua.

"Wewe ni afande Kuruthum."

"Na wewe ndiwe unayezikwa leo."

Cliff hakukimbia. Aliangalia kigoda, akaangalia pingu kiunoni mwa Kuruthum.

"Mourine aliniambia nyuma hakuna bunduki. Ni kweli, sioni."

"Kwa hiyo ukaamini."

"Hapana. Mimi nimefundisha hilo somo, afande. Watu wa semina wakisikia kwamba adui aachiwe upande mmoja, wanafurahi, wanaona ni huruma. Hawaulizi Wachina walisema vile kwa nini. Upande unaoachwa wazi ndiko anakongojewa."

"Kwa hiyo ulijua niko hapa."

"Nilijua tangu Mourine aliponieleza."

"Na umekuja."

Cliff alitazama juu ya bega la Kuruthum, kule nyimbo zilikotoka. "Mama yangu anazika tunda," akasema. "Nimesoma yote waliyoandika wale wazee. Hakuna aliyeandika mtu afanye nini hapo."

Kuruthum alikuwa na swali moja, na alijua akichelewa litapotea. "Magunia."

"Niliwaambia moshi tu, na mdomo wa mto usiguswe. Jioni ya kabla ya siku ile nilipanda pikapu yao kutoka Migori. Walisimama nyumbani kwa Elvis, nyuma, anapochimba shimo la choo. Vijana walikuwa wanajaza magunia. Nikauliza ya nini, Elvis akacheka, akasema ni ya kuzuia maji ya mvua. Nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Mimi nilijiona jemadari." Alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Nilimpa Mokua moshi, afande. Hilo ni langu. Sitalikataa."

"Udongo wa pale rangi gani?"

"Mweusi. Uliganda kwenye viatu vyangu mpaka Homa Bay."

Kuruthum alivuta pumzi. Viatu vile vilikuwa kwenye mfuko wa vielelezo, kabatini mwake, na tope lake hakuna aliyelitoa. Alikuwa ameshughulishwa na jinsi vilivyopangwa, akasahau kuangalia soli.

Akainuka, akakisogeza kigoda. "Ingia."

"Na pingu?"

"Ingia kwanza."

Hakukuhitajika mtu wa kumwita Mama Susana. Wakati wanawake wote wameelekea kaburini, yeye alikuwa amekaa amewapa mgongo, uso wake kwenye ua. Aliinuka bila haraka. Alitembea mpaka kwenye pengo, akanyoosha mikono, na Cliff akaipita ile minyaa akaingia mikononi mwake. Mama aliushika uso wake, akashika masikio, akashika mabega, kama mtu anayenunua kitu sokoni na hataki kudanganywa. Ndipo akalia, kwa sauti aliyokuwa ameiweka siku zote zile, na kaburini nyimbo zikakatika moja moja.

Watu wengine walikimbia. Mzee Onyango aliiachilia kamba, na yago likaanguka shimoni kwa upande, hovyo. Aliganda pale, kofia mkononi.

"Litoeni," Mama Susana alimwambia. "Mlirudishe chini ya mti wake. Halina kazi hapa."

Kisha akafanya jambo ambalo hata Gisiri, aliyekuja mbio kutoka langoni baada ya kuwakabidhi wale vijana wawili kwa askari wenzake, hakulielewa. Alichukua jembe la wachimba kaburi, lenye udongo bado, akaingia nyumbani akatoka na bakuli la maharagwe, akashuka shambani kwake. Akaanza kupanda. Mourine alisimama mpakani mwa shamba lake dogo, viatu mkononi, anangoja.

"Madam, twende?" Gisiri akanong'ona. "Wenzao wale vijana wa Elvis watajua sasa hivi."

"Amalize mstari mmoja."

"Kwa kitabu cha matukio nitaandika tumecheleweshwa na nini?"

"Andika mvua."

Haikuwa imenyesha, lakini Gisiri aliinua macho akayaangalia mawingu, akachomoa kalamu. Mama Susana alifika mwisho wa mstari, akanyoosha mgongo. Mourine akainama, akapanda mbegu yake ya kwanza, na Cliff akasimama katikati ya mashamba mawili akiwatazama wanawake wa nyumba hiyo kama mtu anayekunywa maji baada ya safari ndefu.

Kisha akanyoosha mikono mwenyewe. Kuruthum akamfunga pingu mbele, kwa ulegevu, akamshika mkono amrudishe nyuma, kwenye pengo, ambako njia ilikuwa fupi na hapakuwa na macho ya watu.

"Hapana," Mama Susana akaita kutoka shambani. Alikuja na jembe lake, akasimama mbele yao. "Hiyo ni ya kuingilia. Akitokea hapo ni kama hakuja. Mpitishe langoni, watu wote wamwone. Langoni ndiko wanakotokea watu watakaorudi."

Kuruthum alimwangalia mama huyo. Akafikiria chupa ya chai kule Isiolo, ambayo kila asubuhi humwagwa na kila jioni hujazwa tena.

"Gisiri," akasema. "Toa gari langoni, mtu apite."